Kima punju: hiyo punju ni sumu gani?

Mtembezi wa Jozani

Assalaam aleikum. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na kwa miaka minne jina la kima punju, kima wa hapa kwetu Unguja, halikuwahi kunitia taabuni. Wageni wa Ulaya huwaeleza kwamba punju ni sumu, nao huandika kwenye vidaftari vyao, hupiga picha, wakaridhika. Taabu ilinikuta wiki iliyopita nilipopokea familia moja kutoka Tabora. Mama wa familia ile, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, alisimama chini ya mkungu, akamkazia macho kima aliyekuwa amekaa tawi la chini, mkia umening'inia kama kamba ya kisima, nywele nyeupe zimesimama kuuzunguka uso wake mweusi, kisha akaniuliza: "Sumu yake iko wapi? Anauma? Anatema? Nyama yake inaua?" Nilimjibu kwamba ni harufu. Alivuta pumzi mara mbili, akasema kwamba yeye hasikii isipokuwa harufu ya majani.

Sikuwa na la kuongeza. Naomba wanaojua wanifafanulie: punju ni sumu kweli, na ikiwa ni sumu, kwa nini alipewa yeye na si nyoka?

Maalim Mstaafu

Waaleikum salaam. Sehemu ya kwanza ya swali lako haina ugumu. Punju ni sumu, na neno hilo lina umri mkubwa katika lugha yetu. Lililotuletea shida ni hili neno sumu lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, na ambalo limeenea mpaka likamfukuza mwenyeji wake. Leo hutamsikia mtu akisema kwamba fulani amekula punju, wala hutaliona neno hilo kwenye chupa ya dawa ya panya. Limebaki mgongoni mwa mnyama mmoja, na ndiyo sababu yule mama wa Tabora hakulitambua, kwa kuwa bara hayuko mnyama wa kulibeba.

Sehemu ya pili ya swali nawaachia watu wa kusini mwa Unguja, maana mnyama ni wao.

Mwana wa Pete

Maalim ametuachia mzigo, nasi tutaubeba. Nimezaliwa Pete, ambako kima punju hupita juu ya mapaa ya nyumba wakielekea mashambani, na wazee wetu walikuwa na sababu tatu za jina hilo. Ya kwanza ni harufu, aliyokwisha kuitaja mwenzetu. Ya pili ni kwamba mti wanaoukalia na kuula hudhoofika na mwishowe hufa. Ya tatu, ambayo ndiyo niliyoiamini zaidi nilipokuwa mdogo, ni kwamba mbwa akila nyama ya kima punju hunyonyoka manyoya.

Marehemu babu yangu alikuwa msasi, akiwinda nguruwe mwitu na wenzake kwa mbwa na nyavu. Alinisimulia juu ya mbwa wao mmoja aliyemla kima punju aliyeanguka, na baada ya siku chache akaanza kupukutika kuanzia mkiani, mpaka akabaki na ngozi tupu iliyomfanya aone baridi mchana. Kwa maneno ya babu, tangu hapo wasasi wa kijiji chetu walikuwa wakimwita mbwa arudi kila wanapowasikia kima punju juu ya miti. Mbwa huyo sikumwona mimi. Nasimulia nilivyosimuliwa.

Kidole Gumba

Mbwa mwenye upele hupukutika hata akila ubwabwa, lakini hayo tuyaache. Mimi nina maelezo mengine, na naomba msinicheke kabla sijamaliza. Kiswahili kina kitenzi kupunja, maana yake kumpa mtu pungufu ya haki yake, kama muuza samaki anavyokupunja kwenye mizani. Sasa mtazameni vizuri mkono wa huyu kima. Kima wa kawaida ana kidole gumba cha kushikia. Yeye hana, ana vidole vinne virefu anavyovitundika kwenye tawi kama kulabu. Alipogawiwa vidole, alipunjwa. Kwa hiyo yeye ni kima aliyepunjwa, yaani kima punju, na sumu ni uzushi wa watu waliokuja kulitafuta jina maana baada ya kuisahau.

Maalim Mstaafu

Nimecheka, samahani, lakini nimecheka baada ya kumaliza kusoma.

Rai yako ni nzuri kwa jicho na mbaya kwa sarufi. Kitenzi kinapozaa kivumishi katika Kiswahili, mara nyingi huvaa mkia wa -fu au -vu: pungua imetupa pungufu, tulia imetupa tulivu, nyamaza imetupa nyamavu. Nomino ya kupunja tunayo tayari, nayo ni mpunjo. Punju yenye irabu ya -u peke yake ingekuwa yatima katika ukoo huo. Tena, ikiwa neno punju lenye maana ya sumu lipo peke yake bila ya kima, hatuna haja ya kulitafutia baba mwingine.

Kidole Gumba

Yatima wapo, Maalim, na wengine wana watoto. Kufa kumetupa mfu na wafu, irabu ya -u imekuja na hakuna mkia wowote ulioongezwa. Nasubiri jibu.

Daktari wa Mifugo

Kidole Gumba ameshindwa katika sarufi lakini katika mkono ameshinda, na sina budi kumtetea. Wataalamu wa viumbe huwaita wanyama wa kundi hili kwa jina la colobus, ambalo limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa au aliyepunguzwa kiungo, kwa sababu hiyohiyo ya kukosa kidole gumba. Kilichobaki ni kinundu kidogo tu. Kwa hiyo wako watu waliomtazama mnyama huyu kama alivyomtazama yeye, wakampa jina la kupunjwa, ila hawakuwa Waswahili.

Kuhusu sumu, nadhani tunaitafuta mahali pasipo. Kima punju hana sumu katika meno, mate wala nyama. Sumu iko katika chakula chake. Huyu ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba vinne, na ndani yake wamo vijidudu vinavyochachisha majani kama inavyotokea kwa ng'ombe na mbuzi, na harufu ambayo baadhi yetu tunaisikia na baadhi hatuisikii huenda ndiyo hiyo ya kuchacha. Majani ya mkungu na ya mwembe, anayoyapenda sana, yana kemikali kali ambazo mti umeziweka kwa ajili ya kujikinga na walaji. Zikizidi tumboni humdhuru. Kwa hiyo kima punju wa maeneo ya Jozani wamejifunza kula makaa. Jambo hili lilichunguzwa na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997: makaa hunasa zile kemikali na kuzitoa nje, kama tunavyompa makaa maalumu mtu aliyekula kitu kibaya.

Mtembezi, ukimpata tena yule mama wa Tabora, mwambie kwamba huyu ni mnyama anayekula sumu na kujitibu.

Mwana wa Pete

Hilo la makaa ni kweli tupu, na nimewahi kupigwa kwa sababu yake. Mama yangu alikuwa akipikia nje, chini ya mzambarau, na jioni huyamwagia maji makaa yaliyobaki, akayaanika juu ya kipande cha bati ili ayatumie kesho. Kila asubuhi makaa yalikuwa pungufu. Nilishukiwa mimi kwamba nayachukua kuchorea kuta za skuli. Siku moja nikiwa nimelala na homa, nilimwona kwa dirisha kima jike akishuka na mtoto amemng'ang'ania tumboni, akakaa mbele ya bati, akachagua. Hakuchukua lililo karibu, bali aligusa moja, akaliacha, akagusa la pili, kisha akatwaa kipande cha ukubwa wa yai, akakitia mdomoni ubavuni kama mzee anayetafuna tambuu, akapanda nacho. Midomo yake, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya waridi, ilikuwa imekuwa myeusi.

Nilipomweleza mama, alisema kwamba homa imenipanda kichwani.

Bibi wa Michenzani

Nimefuata mazungumzo haya tangu asubuhi huku nikikunja sambusa, na nina malalamiko juu ya neno la kwanza la jina hilo, kwa sababu mnashughulika na punju na kumsahau kima. Mwezi wa Ramadhani uliopita mkwe wangu kutoka Mwanza aliniuliza sambusa zangu ni za nini. Nikamjibu kwamba ni za kima. Alirudisha sahani taratibu, kwa adabu, na hakula kitu mpaka mume wake aliporudi msikitini.

Maalim Mstaafu

Bibi umetufungulia mlango mzuri. Kiswahili kina kima watatu wasiojuana. Kima wa mwituni ni wa Kibantu tangu asili, na Waganda nao wana enkima. Kima cha kipimo na thamani, kama katika kima cha chini cha mshahara, kimetoka Kiarabu. Kima ya sambusa, yaani nyama ya kusaga, ilitujia pamoja na mapishi ya Bara Hindi. Sarufi ndiyo inayowatenganisha: tunasema kima yule ameruka, kima kile kimepandishwa, kima ile imeungua. Anayesema "kima kile kimeruka" amechanganya mshahara na mnyama.

Kidole Gumba

Kima changu cha mshahara huwa kinaruka pia, Maalim, tena hakina mkia wa kushikiwa.

Mpemba wa Konde

Salaam kutoka Kaskazini Pemba. Ninyi wa Unguja mnabishana kana kwamba jina hili linajulikana visiwani kote, na mimi nasema sivyo. Sisi mnyama tuliyemzoea ni tumbili. Kima punju hakuwapo Pemba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipoletwa wachache kutoka Unguja na kuachiwa katika msitu wa Ngezi, na tangu hapo hawakustawi kama ilivyotarajiwa. Mimi nimeingia Ngezi tangu utoto, kwa kuni na baadaye kwa kazi, na nimewaona mara mbili tu, mara zote mbili juu sana, wakitazama chini kama watu waliopotea stesheni.

Ninalotaka kulisema ni hili: mjomba wangu, ambaye hakujua chochote kuhusu mbwa wa Pete wala miti inayokufa huko kusini, aliwaita "wale kima wa serikali". Jina la punju halikuvuka bahari pamoja nao. Kama harufu ingekuwa ndiyo asili ya jina, nasi tungeinusa. Kwa maoni yangu jina limetokana na ugomvi wa mkulima na mnyama, na penye kima wachache wasiokaribia shamba la mtu, ugomvi haukuzaliwa.

Mkulima wa Kitogani

Nashukuru kwamba hatimaye kuna mtu aliyetaja mkulima, ingawa ni wa kisiwa cha pili. Mnapokaa mjini na kuzungumza habari ya tumbo lenye vyumba vinne, mimi nahesabu vidaka vya nazi chini ya minazi yangu. Kima punju huvipandia vikiwa vichanga, huvitoboa, hunywa na kula kidogo, kisha huviangusha. Asubuhi moja niliokota 31 chini ya minazi mitatu. Baba yangu hakuhitaji kamusi ili kujua punju ni nini: ni kitu kinachoharibu kila kinachokigusa. Tena miti hufa kweli. Nilikuwa na mkungu mbele ya nyumba, walikaa juu yake siku nne mfululizo, na mwezi uliofuata ulibaki fito tupu.

Daktari wa Mifugo

Ndugu yangu, sikatai vidaka 31. Lakini madai hayo ya minazi yalichunguzwa, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba pale kima punju walipokula vidaka vingi mavuno ya nazi hayakuwa madogo. Watafiti waliona hata kwamba ulaji ule huenda unafanya kazi ya kupogoa, kwa kuwa mnazi huangusha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake hata pasipokuwa na mnyama.

Ama mkungu wako, naomba nikuulize kwa heshima: je, majani yake yaligeuka mekundu kabla ya kupukutika? Mkungu una desturi ya kujivua majani yote, hugeuka mwekundu kama umewaka moto, kisha hubaki uchi, na baadaye huchipua upya. Kima punju hupenda machipukizi yake, huja kwa wakati wao, na anayewaona juu ya mti leo na mti uchi kesho huunganisha mambo mawili.

Mkulima wa Kitogani

Ulikuwa mwekundu, ndiyo. Na ulichipua. Lakini nilikwisha kuukata.

Shangazi Mjini

Mimi naona mnahangaika na jina la Kiswahili ilhali jina lililo na kasoro kubwa zaidi ni la kitaalamu, Piliocolobus kirkii. Kwa nini mnyama anayeishi Zanzibar peke yake duniani abebe jina la Mwingereza Kirk? Huyu hakumwumba wala hakumfuga.

Maalim Mstaafu

Shangazi, John Kirk alikuwa Mskochi, na wenyewe hukasirika wakichanganywa. Alifika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari, baada ya kusafiri na Livingstone katika Zambezi, kisha akapanda cheo hadi kuwa balozi wa Uingereza, na ndiye aliyemshinikiza Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa. Alikuwa pia mpenzi wa mimea na wanyama. Aliyemwelezea kima huyu kwa wataalamu ni John Edward Gray wa makumbusho ya London, mwaka 1868, akampa jina la Kirk kwa heshima. Kwa hiyo mnyama mmoja ana jina la sumu kwa wenyeji na jina la balozi kwa wageni, na sijui lipi lilimwumiza zaidi.

Shangazi Mjini

Ahsante kwa kunirekebisha. Mskochi basi. Hoja yangu bado imesimama: bara wenzetu huwaita wanyama wa kundi hili mbega, na yuko mbega mwekundu wa Iringa ambaye hakuna anayemwita sumu. Kwa nini nasi tusiseme mbega wa Unguja?

Daktari wa Mifugo

Kwa upande wa elimu ya viumbe Shangazi yuko sahihi. Kima wa kawaida, ambaye naye yuko Jozani, ana vifuko mashavuni vya kuwekea akiba ya matunda. Kima punju hana, kama mbega wote. Hata hivyo wenyeji hawakukosea, kwa kuwa walikuwa na kima wa aina mbili msituni, mmoja wakamwita kima tu, na wa pili wakamtia neno la kumtenga. Punju huenda ilikuwa ni onyo la msasi kwa mwenzake: huyu hafai, mwache. Hapo ndipo mbwa wa babu yake Mwana wa Pete anaporudi mazungumzoni, awe na manyoya au asiwe nayo.

Mtembezi wa Jozani

Nawashukuru nyote. Leo nilikuwa na kundi la wanafunzi wa skuli kutoka mjini, nikajaribu kuwapa maelezo yote mnayobishania: sumu ya zamani, harufu, mti unaokufa, mbwa, kidole gumba na makaa. Waliyoyapenda ni mawili, kidole gumba na makaa. Mwalimu wao alinivuta pembeni akaniomba nisitaje sumu, kwa sababu watoto watawapiga mawe. Nilimwambia kwamba hata sasa, pamoja na matuta yaliyowekwa kwenye barabara inayokatiza msituni, bado kuna madereva wanaowagonga, na sidhani kama dereva anayekimbilia Paje hukumbuka jina la anayemgonga.

Ila jambo moja limenibana. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema kwamba alimsikia mzee akilitumia neno punju kwa kitu kingine chochote, mbali na huyu kima. Maalim anasema ni sumu, nami namwamini, lakini sumu ya kuwekwa kwenye mshale, ya kutegea samaki, au ya kurogea?

Maalim Mstaafu

Swali zuri, na limenikamata. Mimi nililisikia kwa bibi yangu, naye alilitumia kwa maana ya kitu kibaya anachotiliwa mtu chakulani na adui yake. Sikumuuliza zaidi, kwa kuwa mtoto wa wakati ule hakumuuliza bibi yake habari za namna hiyo na akabaki na masikio yote mawili.

Mwana wa Pete

Ikiwa ni ya kurogea, basi maneno ya wazee wangu yanakaa sawa zaidi, Daktari. Harufu, mti kufa, mbwa kunyonyoka: mambo hayo matatu si dalili za sumu ya chupani. Ni dalili za kitu chenye mkosi, kinachodhuru kwa kukaribiwa tu.

Daktari wa Mifugo

Au za mbwa mwenye upele na mkungu wenye desturi ya kujivua majani. Lakini nakubali kwamba aliyetoa jina hakuwa na darubini.

Mtu wa Uzi

Nimechelewa, na nimeona kwamba uzi huu umefika mbali bila ya mtu wa Uzi, jambo ambalo ni aibu, maana kisiwa chetu kina kima punju, na kwetu hawako mashambani peke yake bali hukaa hata kwenye mikoko, ambako maji yakitoka utawaona wakishuka kwenye mizizi. Hatuna mikungu mingi ya kufa wala wasasi wenye mbwa, na jina tunalo hilohilo. Kwa hiyo ama limetujia kutoka Unguja Ukuu, ama sababu zenu zote tatu zimekuja baada ya jina.

Yuko mzee mmoja upande wa Ng'ambwa ambaye akiwataja hasemi kima kabisa, husema punju tu, na sikuwahi kufikiria kumwuliza kwa nini. Kwa sasa niko upande wa pili, maji yamejaa na barabara imefunikwa. Kesho yakitoka nitavuka, nitamwuliza kama alipata kulisikia neno hilo kwa kitu kingine.

Kidole Gumba

Mwulize na habari ya kupunjwa, tafadhali. Usimtajie jina la Maalim kwanza.